Maneno Ambayo Mungu Hakuniambia

Mogogosiek,
Jumapili, saa kumi jioni

Mpendwa mwanangu Chepkemoi,

Barua hii haitasafiri na posta. Nitakupa mkononi kesho, na nakuomba usiifungue mpaka ufike Meru, uonyeshwe kitanda chako, upate mahali pa kukaa peke yako. Kuhusu afya zetu hapa nyumbani sina la kukujulisha, kwa sababu sasa hivi nakusikia huko jikoni ukicheka na mdogo wako Chelangat.

Kogo, bibi yako, na shangazi yako wamekueleza mambo ya blanketi, ya maji ya kuchemsha na ya wavulana. Mimi sitaongeza hapo. Nina jambo moja ambalo nimelikalia miaka mitano, na siwezi kukuacha uende kujifunza uuguzi bila kukwambia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kipsigis maneno haya yangekuwa karibu sana na mimi, nisingeyamaliza.

Kabla hujazaliwa na mpaka ulipoanza shule, nilikuwa nyapara katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Nyapara anaishi kwa sauti yake. Asubuhi unaita majina, unapanga watu kwenye mistari, unakemea anayechuna majani makubwa, na kazi inakwenda. Nilipoacha kazi hiyo nikarudi kwenye majani yetu wenyewe hapa, kanisa likanichagua kuwa mzee, na ile sauti nikaja nayo. Unakumbuka jinsi nilivyokuwa naomba. Mtu akinunua ng'ombe wa gredi aliniita. Mtoto akienda kufanya mtihani, mzazi alimleta kwangu kwanza. Nikifungua mdomo watu walianza kusema Amina hata kabla sijafika mbali. Nilipenda hivyo. Nilifikiri ni imani, na labda nyingine ilikuwa imani, lakini nikikumbuka sasa naona kwamba nilimwomba Mungu jinsi nilivyokuwa nikiita majina asubuhi.

Mama yako aliugua mwaka uliofuata ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Wewe ulikuwa darasa la nane. Alianza kwa kusindikiza kila tonge la ugali kwa maji. Baadaye akaacha ugali, akasema hana hamu, akawa anakunywa maziwa ya mursik tu na uji. Alificha miezi mingi, na mimi sikuangalia vizuri. Nilipomwona mifupa ya mabega imetokeza ndipo nilipompeleka hospitali.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alituketisha, akasema ni saratani ya koo, na imeenda mbali, haiwezi kukatwa. Akasema wanaweza kuweka mpira mdogo ndani ya koo ili maziwa na uji vipite, apate nguvu kwa muda uliobaki.

Mama yako akauliza, "Ni muda gani, daktari?"

Kabla hajajibiwa mimi nikasimama. Nikasema, "Sisi ni watu wa Mungu. Hilo neno hatulipokei." Nikamshika mkono tukatoka. Nakumbuka alikuwa bado amegeuza shingo, anamwangalia daktari, anangoja jibu lake.

Jioni hiyo wewe ulitukuta jikoni ukiwa na sare ya shule. Ukauliza daktari amesema nini. Nikakuketisha kwenye kigoda, nikakwambia, "Mungu ameniambia mama yako atapona. Ukimaliza mtihani atakupikia yeye mwenyewe." Ukaniuliza, "Amekwambia kabisa, baba?" Nikasema, "Kabisa."

Chepkemoi, Mungu hakuniambia. Hicho ndicho kitu ninachotaka ujue. Sikusikia sauti, sikuota ndoto, sikufungua Biblia nikakuta mstari ukinisemesha. Nilikuwa naogopa. Nilitaka sana iwe hivyo, nikachukua jina la Mungu nikaliweka chini ya matakwa yangu, kama mtu anayeweka sahihi ya mtu mwingine.

Halafu nikaanza kazi. Nilileta watu wa maombi kila Jumatano na kila Ijumaa, wakajaa sebuleni wakiimba huku yeye amelala nyuma ya ukuta. Nilifunga kula. Nilipiga marufuku neno kufa ndani ya nyumba hii. Siku moja mama yako alikuita umletee kibuyu na kijiti cha mti wa senetwet, akufundishe kuchoma mkaa wake na kukisugua kibuyu ndani ili mursik isiharibike. Nikaingia nikawakuta. Nikakwambia, "Rudi kwa vitabu vyako. Mama yako atafanya hiyo kazi mwenyewe akipona." Ulitoka. Yeye akabaki amekishika kile kibuyu magotini. Sikuelewa kwamba nimewanyang'anya nyinyi wawili siku nzima ambayo haingerudi.

Alijaribu pia na mimi. Asubuhi moja aliniambia, "Baba Chepkemoi, kaa kidogo tuongee juu ya watoto."

Nikamwambia, "Watoto utawalea wewe. Usifungulie shetani mlango."

Akanyamaza. Akanyamaza siku nyingi baada ya hapo, na mimi nikaona ni dalili njema, nikawaambia watu kanisani kwamba ametulia, imani yake imepanda. Kumbe alikuwa amechoka tu. Na alikuwa na njaa. Kwa miezi miwili mama yako alikaa na njaa, kwa sababu mpira wa kupitisha uji ungekuwa ni kukubali neno la daktari. Wewe unaenda kuwa sista wa hospitali, na ni lazima ujue kwamba baba yako mzazi alifanya hivyo akiamini anampenda. Nilimpenda. Na nilimlaza njaa.

Unamkumbuka Mama Nyaboke, yule mama wa Kisii aliyekuwa anachuna majani kwa kampuni na alikuwa amepanga chumba pale senta, kwenye maduka. Alikuwa anakuja kumwogesha mama yako siku ambazo hana zamu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwenye yale maombi yetu makubwa alikaa karibu na mlango, na tukimaliza alikuwa wa kwanza kuinuka kwenda kuosha vikombe.

Siku moja ya mwezi wa saba, wakati wa baridi na ukungu, nilirudi kutoka kituo cha majani mapema kwa sababu lori la kiwanda lilikuja asubuhi. Nilipita nyuma ya nyumba nikiwa na kikapu mgongoni. Dirisha la chumba lilikuwa wazi. Nikamsikia mama yako akiongea Kiswahili, pole pole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Nilisimama kwa sababu sikuwa nimemsikia akiongea mengi namna hiyo tangu tutoke hospitali.

Alikuwa anasema, "Chepkemoi hajaanza mambo ya mwezi. Akianza, wewe mwambie. Shangazi yake atamtisha bure. Huyu mdogo anaogopa radi, usiku wa mvua lazima mtu amshike mguu. Mguu tu, si lazima abebwe. Na ile shuka yangu ya maua ni ya Chepkemoi."

Mama Nyaboke akamwuliza, "Lakini mbona haya humwambii mzee wako?"

 Mama yako akasema, "Yule anaongea na Mungu. Hana nafasi ya kuongea na mimi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba leo soko limefungwa. Hapo ndipo iliponiuma.

Sikuingia ndani. Nilienda na kikapu changu kitupu mpaka katikati ya majani, pale chini karibu na mto, nikaketi chini kwenye mistari, mahali ambapo mtu akiwa barabarani hawezi kukuona. Nilitaka kuomba, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichojua kufanya. Nikafungua mdomo na sauti haikutoka. Mimi, mtu wa sauti. Nilijaribu yale maneno ya sala ya Bwana tunayoyasema kila Jumapili, nikifika pale tunapomwachia Mungu afanye apendavyo, ninakwama. Nilikwama mara tatu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeyapita maneno hayo mbio, kama mtu anayepita mbele ya mbwa.

Mwishowe nikamwambia ukweli. Nilisema, kwa sauti ndogo, "Simtaki afe. Sikubali. Nakuogopa, kwa sababu unaweza kumchukua." Ni hayo tu. Hayakuwa maombi mazuri. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kadhaa nimemwambia Mungu kitu ambacho kilikuwa ndani yangu kweli.

Nilirudi hapo kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya pili nilikasirika. Nilimkumbusha kazi zote nilizofanya kanisani, nikaona aibu nilipojisikia. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka. Nilimfikiria Yesu kule bustanini, jinsi alivyoomba aepushwe na kile kilichokuwa mbele yake. Habari hiyo nilikuwa nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nilikuwa na haraka ya kufika mahali anapokubali. Sikuwahi kusimama pale anapoomba apewe njia nyingine. Aliomba kweli, na hakupewa. Kama yeye aliweza kutaka kitu kwa moyo wote na bado akakiachia, basi kuachia si kuacha kutaka. Nilikaa na jambo hilo mpaka nguo zangu zikalowa umande. Nikasema, "Nataka apone. Wewe unajua nataka. Lakini ni mtu wako kabla hajawa wangu. Fanya vile unavyoona, na unisaidie kukaa naye."

Sikusikia chochote. Nilisimama tu, magoti yakiuma, nikapanda kwenda nyumbani. Lakini kitu kama mzigo uliofungwa vibaya kilikuwa kimelegea mgongoni.

Niliingia chumbani, nikavuta kigoda. Mama yako akanitazama akidhani nimekuja kumwekea mikono kichwani.

Nikamwambia, "Nimekuja kukusikiliza."

 Akasema, "Umechelewa, Baba Chepkemoi. Lakini keti."

Kitu cha kwanza alichotaka ni kurudi hospitali akawekewe mpira. Tulienda siku iliyofuata. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusemwa, na ilikuwa haki yangu kusemwa. Pale wodini kulikuwa na sista mmoja mfupi, mtu mzima, sikuwahi kujua jina lake. Alimpima mama yako uzito, akaangalia kadi, akaona tarehe tuliyoondoka. Nikaanza kujieleza, maneno yakanigongana mdomoni. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Baba, umemleta. Tuanze hapo." Akaenda kutafuta blanketi ya pili. Nataka uwe sista wa namna hiyo, mwanangu. Utakutana na wanaume kama mimi. Watasimama mlangoni pa wodi na Biblia kwapani, wakikataa kusikia. Wengine watakutukana. Ukiweza, watafutie kiti. Mtu aliyesimama hasikii vizuri.

Tulipata wiki saba. Mpira ule ulipitisha uji na mursik, akapata nguvu ya kukaa nje juani kwenye kiti cha kamba. Alikufundisha kibuyu, unakumbuka, na ulichoma vidole. Nilisimamisha yale maombi ya Jumatano na Ijumaa. Wengine walisema nimerudi nyuma, mchungaji akaja kuniuliza, nikamwambia mgonjwa anataka utulivu. Tulikuwa tunaomba sisi wawili, asubuhi kabla sijaenda kuchuna. Sala zake zilikuwa fupi. Mara nyingine alisema, "Asante kwa asubuhi. Niko hapa," basi. Siku moja mimi niliomba, nikamaliza haraka, nikamwona anatabasamu. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema, "Leo umeomba kama mtu."

Sasa nafika mahali pagumu kuliko pote.

Mama yako aliniambia, "Mwambie Chepkemoi. Mwambie siponi, ili aje tukae naye akijua." Aliniambia mara mbili. Mara ya kwanza nikasema una mitihani ya majaribio. Mara ya pili nikasema, "Nitamwambia Jumamosi, akiwa haendi shule." Nilikuwa nimeweza kumwambia Mungu ukweli, nikaweza kumwambia mama yako, lakini wewe nilishindwa, kwa sababu wewe ndiye niliyekuapia. Mama yako alitutoka Alhamisi asubuhi, nikiwa nimemshika mkono, wachunaji wakipita barabarani kwenda kazini. Hakuhangaika. Wewe ulikuwa shuleni ukiandika hesabu. Ulirudi ukakuta akina mama wamejaa uani.

Baada ya mazishi ulinifuata kule zizini. Hukuwa unalia. Ukaniuliza, "Baba, si ulisema Mungu alikwambia?"

Hapo ningeweza kulirekebisha. Ilikuwa ni kusema tu, "Nilikudanganya, mwanangu, kwa sababu niliogopa." Badala yake nikakwambia kwamba Mungu ana mipango yake na sisi hatuwezi kuielewa. Ukaitikia kwa kichwa, ukaenda kuwafungulia ndama. Nilichofanya siku hiyo ni kumtwika Mungu uongo wangu, na wewe ukamchukulia yeye kuwa ndiye aliyevunja ahadi.

Tangu siku hiyo nakuona. Tukiomba mezani unainamisha kichwa kwa heshima, lakini macho yako yako wazi. Kanisani unakuja kwa sababu ya kogo. Sijawahi kukusema, na sikusemi sasa. Mimi ndiye niliyeharibu. Kama kuna mtu wa kukasirikiwa, ni huyu anayeandika. Ningependa hasira yako ije kwangu, ndipo ilipo nyumba yake. Ukitaka kuniandikia maneno makali kutoka huko Meru, niandikie. Nitayasoma yote na nitakujibu.

Sikuandiki ili nikurudishe kanisani. Umekuwa mtu mzima, na huko unakoenda hakuna atakayekuangalia macho kama umeyafumba. Nakwambia tu kile nilichojifunza kwa gharama ya mama yako na yako. Siku ya uchungu itakuja, iwe wodini au nyumbani kwako mwenyewe, siku ambayo hutakuwa na la kufanya kwa mikono. Siku hiyo, ukijikuta unataka kuomba, usitafute maneno mazuri. Sema unachotaka, hata kama ni kidogo, hata kama ni kwa hasira. Anza na huo ukweli. Hiyo sehemu nyingine, ya kuachia, mimi ilinichukua siku tatu kwenye majani, na bado kuna asubuhi naamka nimeishikilia tena, inabidi nianze upya. Mpaka leo sijui kwa nini alichukuliwa. Nimeacha kujifanya kwamba najua. Watu bado wananiita kuomba, na wengine huvunjika moyo. Mwezi uliopita jirani alinunua mashine ya kusaga mahindi akaniita niibariki, nikamaliza hata kabla hajavua kofia vizuri. Alinitazama kama anangoja nusu ya pili.

Kuna ujumbe wako ambao nimekaa nao muda wote huu, kwa sababu nisingeweza kukupa bila kukiri hayo mengine. Ilikuwa wiki ya mwisho, siku ya Jumanne. Alikuwa nje juani. Sauti yake ilikuwa imepungua, ilibidi niiname. Aliniambia hivi, nami nakuandikia jinsi alivyosema:

"Mwambie Chepkemoi nilimwomba Mungu niishi niwaone wakikua. Niliomba sana. Hakunipa. Na bado naongea naye kila siku. Asije akafikiri tulikosana."

Nimekupa sasa. Nisamehe kwa kukuchelewesha.

Kesho asubuhi shangazi yako atataka nikuombee mbele ya watu wote kabla hujaondoka, kama ilivyokuwa desturi yangu. Sitafanya hivyo. Nitakusindikiza mpaka barabarani tukiwa sisi wawili, na pale tukingoja gari nitakuuliza kama unataka tuombe. Ukisema ndiyo, tutaomba. Ukisema hapana, nitakubebea mizigo tu, na tutangoja gari pamoja.

Ni mimi,
Baba yako